Tundu la LAN Nyuma ya King'amuzi

Kama uko karibu na runinga, nakuomba ugeuze king'amuzi chako uangalie mgongoni. Utaona panapoingia waya wa dishi, pale penye skrubu. Utaona pa HDMI, pa zile waya tatu za nyekundu, nyeupe na njano, pengine na pa flashi. Sasa tafuta tundu la mraba lenye meno madogo ya shaba kwa ndani, limeandikwa LAN au Ethernet. Vingine havina. Chako kikiwa nalo, huenda tangu ulipokinunua halijaingia kitu humo ila vumbi na utando wa buibui.

Leo tunazungumzia tundu hilo. Kibaha na Kisarawe, kila nikikaa na mafundi wa dishi nasikia imani mbili zinazolizunguka, na zote mbili si za kweli. Ya kwanza inasema ukichomeka waya hapo, chaneli zilizofungwa zinafunguka. Ya pili inasema ukichomeka waya hapo, bando linakwisha. Wenye imani ya kwanza wanaliwa pesa zao na matapeli. Wenye imani ya pili wananyimwa kitu ambacho dishi lao limekwisha kukileta mpaka sebuleni.

Bara tulipata televisheni mwaka 1994, zaidi ya miaka 20 baada ya Zanzibar, ambako TVZ ilianza mwaka 1973. Kwa hiyo wengi wetu tulikua na runinga moja kwa mtaa mzima, na ugomvi ulikuwa wa nafasi ya kukaa. Siku hizi utakuta nyumba pale Maili Moja au Kwa Mathias ina runinga sebuleni, kompyuta chumbani na simu janja nne au tano. Skrini zimeongezeka, chaneli inayoonekana bado ni moja. Ikifika saa mbili usiku baba anataka taarifa ya habari, mama ana tamthilia yake, vijana wanataka mpira, na mwenye rimoti ndiye serikali. Vijana wakishindwa wanakwenda kibanda umiza. Swali ni hili: dishi linaleta chaneli zote hizo kwa wakati mmoja, kwa nini nyumba ione moja tu?

Tuanzie juu ya paa, maana ukiruka hapo huku chini hakutaeleweka.

Setilaiti za runinga zimekaa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari, zikizunguka kwa kasi ileile ya mzunguko wa dunia. Ndiyo maana kwetu zinaonekana hazisogei. Ile inayotumiwa na DStv iko nyuzi 36 mashariki. Kibaha iko karibu na nyuzi 39. Kwa hesabu hiyo setilaiti hiyo iko karibu na utosini kwetu, nyuzi 80 hivi kutoka upeo wa macho. Ya Azam iko nyuzi 7 mashariki, juu ya Ghuba ya Guinea, jirani na São Tomé. Kuitazama kutoka Kibaha au Kisarawe unageukia magharibi, unavuta kidogo kaskazini, kisha unainua macho nyuzi 50 na kitu. Na Azam ndiye mwenye ligi yetu: mkataba alioingia na TFF mwaka 2021 ni wa miaka 10, wa zaidi ya shilingi bilioni 225. Kwa hiyo ukitaka kuona Simba na Yanga kwa dishi, anga yako ya magharibi lazima iwe wazi.

Hapo ndipo miti ya Kisarawe inapoingia kwenye mazungumzo ya teknolojia. Ukitoka mjini Kisarawe kuelekea Maneromango au Mzenga, nyumba zimezungukwa na miembe na mikorosho. Mti ulio magharibi ya nyumba hausumbui dishi la nyuzi 36, kwa sababu lile linatazama juu kabisa. Dishi la nyuzi 7 linazibwa. Tena linazibwa polepole, mwaka hadi mwaka, tawi linavyorefuka. Mwenye nyumba analaumu kampuni, anabadilisha LNB, kile kichwa kilicho mbele ya dishi, anabadilisha king'amuzi, kumbe dawa ni panga. Na sura ya dishi lenyewe inadanganya. Haya madogo yenye mkono kwa chini hayatazami pale uso wake unapoelekea, yanatazama juu zaidi kwa nyuzi 20 na ushee. Mtu anasimama nyuma ya dishi, anaona limepita vizuri chini ya tawi. Tawi hilohilo ndilo limeziba.

Ukishaona hayo unamwelewa fundi aliye juu ya bati saa saba za mchana, na mama aliye chini anayemsomea namba dirishani. "Mama, shikamoo tena, imefika ngapi?" "Marahaba mwanangu, ilikuwa 60, sasa imeshuka!" Kazi hiyo naiheshimu. Nusu ya matatizo ya mtandao wa nyumbani, ukiyafuatilia, ni dishi lililoelekezwa kwa haraka.

Mawimbi yanayotua kwenye dishi dogo yako kati ya gigahezi 10.7 na 12.75. Masafa ya juu kiasi hicho hayawezi kupita kwenye waya wa kawaida bila kufa njiani. Kazi ya LNB ni kuyashusha mpaka kati ya megahezi 950 na 2150, ndipo yateremke kwa waya hadi ndani. Lakini LNB haileti kila kitu kwa pamoja. King'amuzi ndicho kinachoiamuru, na amri zenyewe zinapita kwenye waya uleule. Kikipandisha volti 13, LNB inaleta mawimbi yaliyosimama wima. Kikipandisha volti 18, inaleta yaliyolala. Kuna na mlio wa kilohezi 22 wa kuchagua nusu ya juu au ya chini ya masafa.

Sasa, msikilizaji, unaona kwa nini ile hila ya kukata waya wa dishi kwa kigawanyio cha bei ndogo na kuweka king'amuzi cha pili chumbani inafanya kazi leo na kesho inagoma? Sebuleni wanaomba volti 13, chumbani wanaomba 18. LNB ni moja, haiwezi kutii mabwana wawili. Picha inapotea upande mmoja, na fundi anaitwa mwizi bure.

Tuingie ndani ya king'amuzi. Kuna kifaa mle kinaitwa tyuna, na ndicho kinachochagua masafa. Wengi tunadhani tyuna huchukua chaneli. Haichukui chaneli, inachukua transponda, na transponda moja ya dijiti hubeba chaneli kadhaa zilizofungwa pamoja. Ichukulie kama basi la Mbezi kwenda Kibaha: ukilisimamisha, umewasimamisha abiria wote waliomo. King'amuzi cha kawaida kinamteremsha abiria mmoja uliyemtaja kwa rimoti, wengine wote kinawapuuza, ingawa wamekwisha kufika mlangoni kwako.

Mtandao wa nyumbani unawateremsha waliobaki. Kifaa chenye uwezo huo kinachukua chaneli zote zilizo kwenye transponda, kinazikata vipande vidogo vya data, na kinavituma kwa waya wa LAN hadi kwenye ruta. Kutoka hapo kompyuta inaomba chaneli hii, simu inaomba ile, runinga ya sebuleni inaendelea na yake. Kila kifaa kina anwani yake ndani ya nyumba, zile namba zinazoanza na 192.168, na ruta inajua nani kaomba nini. Tyuna moja, watazamaji watatu, kila mmoja na chake. Ila wote wawe wamechagua chaneli za transponda ileile. Mmoja akitaka iliyo kwenye transponda nyingine, inahitajika tyuna ya pili, na mara nyingi LNB yenye matundu mawili.

Na katika safari yote hiyo, kutoka angani hadi kwenye kiganja cha kijana wako, hakuna hata kilobaiti moja iliyopita kwenye bando. Nalikazia hili kwa sababu ndilo linalowatia watu hofu. Chaneli ya ubora wa kawaida inatumia kama megabiti 4 kwa sekunde. Mechi pamoja na mapumziko yake, tuseme saa mbili, ni kama GB 3.6. Mechi hiyo ukiitazama kwa intaneti ya simu, hizo GB utazilipia. Ukiitoa kwenye dishi lako na kuipitisha kwenye ruta yako mwenyewe hadi kwenye simu, huzilipii, kwa sababu hazikutoka nyumbani. Ruta ile ya laini uliyoiweka kwa ajili ya intaneti inagawa picha hata kama laini haina salio. Hata kama haina laini kabisa.

Basi mbona ving'amuzi vyote havifanyi hivyo?

Hapa naomba tuwe wakweli. Ving'amuzi vingi vya kampuni za kulipia, tundu la LAN limewekwa kwa kazi za kampuni yenyewe: kusasisha programu, au kuleta filamu za kuagiza kwa intaneti, na kazi hiyo ya pili inakula bando kweli. Havikuruhusu utoe picha kwenda kwenye kompyuta. Si ubovu, vimetengenezwa hivyo. Anayekuuzia waya wa LAN kwa ahadi kwamba king'amuzi cha namna hiyo kitarusha chaneli kwenye simu zote za nyumbani, mwombe akuonyeshe kwanza kwa macho.

Vinavyoweza ni vya aina nyingine. Kuna ving'amuzi vinavyoendeshwa na Linux, vya ukoo wa Dreambox iliyotoka Ujerumani. Hivi vina programu iitwayo Enigma2, na kutoa chaneli kwenye mtandao ni tabia yao ya kuzaliwa. Kuna vifaa vya SAT>IP, mfumo uliotangazwa mwaka 2012 na kampuni ya setilaiti ya SES ya Luxembourg pamoja na wenzake. Kifaa cha namna hii hakina hata tundu la HDMI, kinapokea waya wa dishi upande mmoja na kutoa waya wa LAN upande wa pili. Na kwa wapenda kuchezea mashine, kompyuta ya mezani iliyochoka ukiiwekea kadi ya tyuna ya setilaiti na programu huria ya Tvheadend inakuwa mtambo wa kurushia nyumba nzima. Upande wa mtazamaji, VLC inatosha. Ni ya bure, na inaingia kwenye kompyuta na kwenye simu.

Vifaa hivyo vinafungua chaneli zisizofungwa. Zilizofungwa zinabaki zimefungwa mpaka kadi halali iwepo, na kadi ya kampuni mara nyingi imefungamana na king'amuzi chake. Ndipo anapotokea yule kijana mwenye maneno matamu: lipa kidogo kwa mwezi, nitakuunganisha na kadi iliyoko mbali kwa intaneti, utaona kila kitu. Huo ni wizi wa huduma. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 na ile ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 zipo na zina meno. Hata ukiiweka sheria pembeni, biashara yenyewe haina uaminifu: siku kampuni inapobadilisha funguo, picha inazima kila mahali, kijana hapokei simu, na wewe huna pa kumshtaki.

Jingine la kisheria ni jirani. Kupeleka chaneli kutoka sebuleni hadi chumbani kwako ni jambo la familia. Kupitisha waya juu ya ukuta, ukawauzia wapangaji wa nyumba tatu, hapo umeanzisha kituo cha kebo. Wapo waendeshaji wa kebo katika miji mingi ya bara, na wana leseni za TCRA. Wewe huna.

Na nani hasa atafaidi mambo haya, ikiwa yanafaa zaidi kwa chaneli zisizofungwa? Mimi nasema wapo wengi Pwani. Kumbuka tulikotoka. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na antena za nyumbani bila king'amuzi zikawa vyuma vya kuanikia nguo. Mwaka 2018 TCRA ikazitaka kampuni za kulipia za setilaiti ziache kubeba chaneli za nyumbani za kutazamwa bure, kwa kuwa leseni zao hazikuruhusu. Nyumba nyingi zikajikuta na ving'amuzi viwili, kimoja cha mpira, kimoja cha taarifa ya habari, na rundo la waya nyuma ya kabati. Huko ndani ya Kisarawe, nyuma ya vilima vya Pugu, antena haina uhakika, kwa hiyo dishi si anasa. Wapo waliofunga madishi makubwa ya futi 6 na futi 8 kwa ajili ya chaneli za dini na za nchi za nje zisizofungwa. Hayo yanapokea masafa ya chini, gigahezi 4 hivi, na mvua haiyatishi sana. Mwenye dishi kama hilo na watoto wanaosoma, hasara yake ni nini akiweka kifaa cha Linux, akachomeka diski, na vipindi vikajirekodi vyenyewe usiku vikatazamwa Jumamosi kwenye kompyuta?

Shule za bweni nazo. Fikiria eneo kama la Shirika la Elimu Kibaha, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, na majengo yake yaliyotawanyika. Dishi moja lingeweza kulisha bwalo, maktaba na chumba cha walimu. Ila waya wa LAN una mwisho wake, mita 100; ukizidi hapo data zinaanza kupotea, lazima uweke swichi katikati ipokee na kuendeleza. Waya wa dishi wenyewe ungechoka kabla ya hapo.

Nije kwenye jambo ambalo mafundi wengi hawalitaji, nami nadhani ni kubwa kuliko yote. Radi. Dishi ni chuma kilicho juu ya paa. Kabla hujaunganisha mtandao, radi ikipiga karibu na nyumba inaingia kwa waya wa dishi, inaua king'amuzi, mara nyingine na runinga. Ukishaunganisha LAN umeifungulia njia mpya: kutoka kwenye king'amuzi hadi kwenye ruta, kutoka kwenye ruta hadi kwenye kila kompyuta yenye waya. Kisarawe iko juu ya vilima, na masika ya Machi hadi Mei hayaji kimya. Kwa hiyo nguzo ya dishi ifungwe waya mnene wa shaba hadi kwenye fimbo ya ethi iliyozama ardhini. Wingu zito likitanda, kabla halijanguruma, chomoa waya wa dishi na waya wa LAN pia. Kuzima kwenye swichi ya ukutani hakutoshi, maana radi hii haikupitia TANESCO.

TANESCO wana lao. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, ruta na kifaa cha tyuna huwaka kwa nyakati tofauti, anwani zinabadilika, na asubuhi kompyuta haikioni tena king'amuzi. Mwambie fundi akipe king'amuzi anwani isiyobadilika ndani ya ruta. Ni kazi ya dakika chache, lakini usipomwambia hafanyi.

Kuhusu Wi-Fi, ukweli unauma kidogo. Picha ya dishi haisubiri. Filamu ya intaneti inaweza kujiwekea akiba mbele, ya moja kwa moja haina akiba ya maana. Kuta zetu za tofali za saruji zinakula mawimbi, na ruta iliyofichwa nyuma ya kabati la vyombo inamalizia. Simu moja iliyo karibu itacheza vizuri. Runinga ya chumba cha mwisho, ipelekee waya. Tundu la LAN la kawaida linapitisha megabiti 100 kwa sekunde, kwa hiyo hata chaneli tatu za ubora wa juu zinapita bila kusukumana.

Na usishangae goli likikufikia kwa kuchelewa. Kupanda hadi setilaiti na kushuka ni kama robo sekunde tu, lakini kukata picha vipande, kuituma na kuiunganisha upya kwenye simu kunaongeza sekunde kadhaa. Sebuleni watakuwa wamekwisha kushangilia, wewe chumbani bado unamwona mchezaji anauweka mpira chini apige penalti. Anayeumia na hilo abaki sebuleni.

Sasa umempata fundi, amemaliza kazi, anafuta jasho anasubiri chake. Usimpe bado. Mwambie hivi: "Fundi, toa laini kwenye ruta." Akishaitoa, mwambie afungue sebuleni chaneli moja, na kwenye kompyuta ya chumbani afungue nyingine iliyo kwenye transponda hiyohiyo. Mzungushe ahamishe zote mbili kwenda transponda ya pili, ile inayotaka volti nyingine. Zikicheza zote, bila laini, kwa muda wa kunywa chai, mlipe hela yake yote na umwongezee ya nauli.